Mwewe wa Bi Sitara

Enzi za Mwingereza, mtaa mzima hakuna aliyewachukia mwewe kama Bi Sitara binti Mgeni. Alikuwa mjane, muuza kuku sokoni Kariakoo, na mwaka ule pekee mwewe walikuwa wamemnyakulia vifaranga kumi na mmoja.

Asubuhi moja alitoka uani kuwapa kuku pumba, akawakuta wamejibanza ndani ya banda, kimya. Kando ya mtungi alikuwapo mwewe, chini, bawa moja limetandazika. Mshipi wa kuvulia ulikuwa umemzonga mwili, na ndoana imezama kwenye nyama ya bawa. Bila shaka alikwapua samaki wa watu kule Kivukoni, akaondoka naye na balaa lake.

Mpangaji wake, Mwinyimvua, aliyefanya kazi kwenye karakana ya reli Gerezani, akatokeza na mchi mkononi.

"Shikamoo, Bi Sitara. Sogea nimmalize. Mwizi wako kajileta mwenyewe."

"Marahaba. Hebu nipe mimi."

Akaupokea mchi, akaunyanyua. Mwewe hakufurukuta. Alikuwa ameachama mdomo, anahema, ulimi mkavu. Bi Sitara alikuwa ameshika kuku miaka ishirini. Hali ile aliijua.

"Huyu ana kiu," alisema, akauweka mchi chini.

"Ana kiu ya damu ya vifaranga vyako."

"Kalete koleo, baba."

Akamfunika mwewe kichwa kwa kanga, kama anavyofanya kwa jogoo mkorofi, akaketi na kumbana miguu. Mwinyimvua akakata ncha ya ndoana, akaichomoa, huku akinung'unika kwamba atachelewa kazini. Ukucha mmoja ukamzama Bi Sitara kiganjani. Hakuachia mpaka uzi wa mwisho ulipotoka.

Siku tisa alimweka chini ya tenga, akimnywesha maji na kumlisha utumbo wa samaki. Kuku wakagoma kutaga. Sokoni wakamcheka, na Kuruthumu, muuza mchicha, akamwuliza kama mwezi ujao atafuga kicheche. Bi Sitara akacheka nao. Lakini siku hizo alikuwa akiwahi kurudi nyumbani, na mara kadhaa alijikuta akimsimulia yule ndege habari za sokoni, naye akimkodolea jicho la manjano kama mtu asiyeamini.

Siku ya kumi akaliinua tenga. Mwewe akatembea akipepesuka, akajaribu kuruka, akaanguka. Bi Sitara akajizuia asimsaidie. Mara ya pili alifika juu ya paa la makuti. Bandani kuku wakapiga makelele. Akakaa pale akichambua manyoya yake bila haraka, kisha akapaa, akazunguka, akazunguka, mpaka akawa kama punje ya mtama.

"Hata asante hakusema," alisema Mwinyimvua.

"Angesema, ningekimbia mpaka Gerezani."

Wakacheka mpaka Bi Sitara akakaa kizingitini kupumzisha mbavu. Kisha akainuka, akawafungulia kuku.