Bakuli la Jirani Yangu wa Kikorea

Mwaka 2018 nilikuwa nimepanga nyumba ya chumba kimoja kusini-magharibi mwa Houston, karibu na Sugar Land. Kazi yangu ilikuwa kuosha na kupanga vifaa vya upasuaji hospitalini, saa kumi na mbili kwa siku, wima. Nikirudi miguu imevimba, na kukanda unga ndicho kitu cha mwisho ninachokitaka duniani. Lakini niliukanda, kwa sababu ya bibi wa Kikorea wa mlango wa pili.

Alianza yeye. Wiki niliyohamia alinigongea akiwa na bakuli la plastiki lenye kifuniko, limejaa kimchi, kabichi yao iliyochachushwa kwa pilipili na kitunguu saumu. Alinikabidhi kwa mikono miwili huku ameinamisha kichwa. Nami nikapokea kwa mikono miwili, goti nimelikunja kidogo bila kufikiri. Kiingereza chake kilikuwa maneno kumi hivi, na changu siku hiyo kilikuwa kimeishia kazini. Nikamwashiria aingie, akapunga mkono kukataa, nikamwacha aende.

Sasa mimi ni mtu wa Tanga, na mama yangu alinilea kwamba bakuli la jirani halirudi bila kitu. Huna kitu, tia hata ndimu mbili. Jumamosi nikakaanga maandazi ya iliki, nikalijaza, nikampelekea. Akafurahi mpaka akapiga makofi. Nikajisemea, haya, tumemalizana.

Jumatano bakuli likarudi na dagaa waliokaangwa kwa sukari. Dagaa kwa sukari! Niliwatazama pale mezani kama wamenitukana. Niliwala, na kusema kweli hawakuwa wabaya. Jumamosi nikapika sambusa.

Ndivyo tulivyokwenda miezi minane. Yeye mchicha wa mafuta ya ufuta, mimi vitumbua. Yeye figili zilizochachushwa, mimi visheti. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu pekee ya kulala, na ikawa siku ya mafuta ya moto. Kuna siku nilikaanga nimekaa kwenye stuli, nasinzia, nashtuka, nageuza, nasinzia tena. Nilianza kulichukia lile bakuli.

Rafiki yangu wa Pearland, nesi, Mtanzania mwenzangu, alinicheka kwenye simu.

"Shoga, kwani umekuwa caterer? Nunua donati, m-drop-ie mlangoni, maisha yaendelee."

"Atajua nimenunua."

"So what? Hapa Marekani, bwana."

Ningewezaje? Kwenye jengo zima, bibi yule ndiye pekee aliyejua kama nimerudi kazini au sijarudi. Nikichelewa, nilikuwa naona pazia lake likisogea.

Ijumaa moja nilirudi baada ya kufanya zamu yangu na ya mwenzangu aliyekuwa mgonjwa. Bakuli lilikuwa kwenye sinki. Nikaliosha, nikalikausha, nikaliweka mlangoni kwake tupu, nikarudi kwangu nikinyata. Sikugonga. Jumamosi nililala mpaka jioni, na sikukaanga kitu.

Wiki nzima kimya. Wiki iliyofuata tulikutana kwenye ngazi, akainamisha kichwa, akapita upesi bila kunitazama. Pumziko nililolililia nilikuwa nimelipata, na halikunikaa vizuri hata kidogo. Niliona aibu, ile aibu ya nyumbani niliyodhani nimeiacha uwanja wa ndege.

Jumapili jioni, nimetoka kazini, niligongewa mlango. Alikuwa binti yake, anayeishi mji jirani wa Katy na kuja kumwona kila wiki, na Kiingereza anakijua vizuri.

"Dada, samahani," akasema. "Mama anauliza amekukosea nini."

"Hajanikosea."

"Ulimrudishia bakuli tupu. Kwetu hilo halifanyiki."

"Hata kwetu," nikasema.

Akaniangalia. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua. Nilikuwa nimechoka."

Binti akaegemea mlango. Nilidhani atakasirika, kumbe anajizuia kucheka. Akaniambia mama yake ana baridi yabisi ya vidole. Kila Jumapili mama huyo alikuwa anamlazimisha binti ampeleke upande wa pili wa mji kutafuta kabichi, kisha anakatakata huku anaugulia. "Nilimsihi aache. Akaniambia, nitaachaje, na yule Mwafrika hajaacha?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikajua si kicheko tena.

"Umewahi kumkaribisha ndani?" akauliza.

"Siku ya kwanza. Alikataa."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kwetu mtu hukataa kwanza, mara mbili hivi. Ya tatu ndiyo anaingia."

Nilitamani ardhi inimeze. Kwani Tanga nani anaingia kwa karibu moja? Mtu unamvuta mkono, unamwapia, ndipo anaketi. Miaka ya Marekani ilinifundisha kwamba mtu akisema hapana basi ni hapana, nami nikamwacha mama wa watu mlangoni miezi minane.

Nikaenda kwake pamoja na binti. Mikono yangu ilikuwa mitupu na sikujua niiweke wapi. Nilimwambia nimechoka, kwamba si chakula chake, ni mimi, nimechoka. Binti akatafsiri. Bibi akaninyooshea vidole vyake, viungo vimevimba kama tangawizi, akavishikilia mbele yangu nivione vizuri. Kisha akaonyesha ndani.

Nikasema hapana, nisimsumbue. Akaonyesha tena. Nikasema hapana. Mara ya tatu akanishika kifundo cha mkono, nikavua viatu.

Tulikaa wote watatu. Jiko lilikuwa baridi na mezani hapakuwa na kitu, hata maji. Binti akaona haya, akainuka kwenda jikoni, na bibi akamshika gauni akamrudisha chini.