Saa ya Kupimia Njia

Mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza, lakini nilijua kupiga hesabu ya mwendo wa lori kwa saa ya mkono. Saa hiyo nilipewa na tajiri wangu Mhindi, wiki Wahindi walipofukuzwa nchini. Alikuwa mtu mgumu, hata sukari ya chai yetu aliifungia kabatini, lakini hayo tuyaache. Saa ilikuwa na pete mbili za namba: ya nje inazunguka, ya ndani haisogei. Ukienda maili arobaini kwa saa, unazungusha ile ya nje mpaka arobaini yake ikae juu ya sitini ya ndani. Basi. Namba za nje zimekuwa maili, za ndani dakika. Utaona ishirini imekaa juu ya thelathini: maili ishirini, nusu saa. Wenye vyeti walikuwa wakija kuniuliza mimi.

Tulikuwa madereva wawili, tukipeleka sabuni Jinja, tukiendesha kwa zamu. Huwezi kushika usukani huku unazungusha pete, kwa hiyo saa ilivaliwa na aliyekaa pembeni. Mwenzangu alitoka Kongo, mtu mpole, mkewe akiuza ndizi sokoni Owino.

Siku hiyo usukani ulikuwa wangu. Kwenye kizuizi cha wanajeshi, tulipokwisha kuipita njia ya Ntinda, askari akaniuliza Jinja tutafika saa ngapi. Wakati ule Kiswahili kilikuwa ngao. Ukikisema vizuri mbele ya bunduki, unapita. Nami ni Mnubi, kabila moja na wengi wa askari wale, na Kiswahili nimezaliwa nacho. Mdomo ukaniwasha.

"Afande, hii saa inajua njia zote. Taja mahali popote."

"Popote?" Akacheka. "Haya, kambini kwetu."

Mwenzangu akanigusa goti. Nilielewa, nisiseme sikuelewa. Lakini sifa zilikuwa zimeshanipanda kichwani. Nikamwambia, "Mhesabie afande, ndugu yangu. Maili kumi na mbili, mwendo arobaini."

Akazungusha polepole. "Dakika kumi na nane," akasema.

Kicheko cha askari kikakatika. "Nani natuma nyinyi kupima kambi? Saa hii ya nani?"

Mwenzangu alinitazama. Angeweza kunitaja, hakunitaja. Aliniachia niseme mwenyewe.

Nikasema, "Iko mkononi mwake, afande."

Si uongo. Mpaka leo najiambia si uongo.

Wakamshusha. Mimi wakaniambia, "Wewe mutu yetu, peleka sabuni." Nikapeleka. Jinja nikapakua, nikala ugali wa posho na samaki, nikamaliza sahani.

Hakuonekana tena. Siku ya nne mkewe akaja nyumbani kwangu Kabalagala. Alikuwa ameshazunguka vituo vyote vya polisi, na huko njiani alisikia kwamba mumewe alikamatwa kwa ajili ya saa.

"Shemeji, saa ilikuwa ya nani?"

Watoto wangu walikuwa mlangoni wanasikiliza. Nikasema, "Yake."

Akakaa chini sakafuni.

"Saa ya namna hiyo," akasema, "na juzi ameniambia hana cha kumnunulia mtoto viatu. Mwanaume mnafiki! Kumbe alikuwa ananificha."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa tayari ulimini. Nikainuka, nikamletea maji. Akanywa, akaendelea kumtukana mumewe, nami nikamwacha amtukane.