Mchicha wa Nyuma ya Kanisa

Kiangazi cha mwaka tisini na nane kazi yangu ilikuwa kumtunza bibi mmoja pale Wheaton, Marekani, aliyetokea mji jirani na kinu cha nyuklia cha Chernobyl. Kinu kilipolipuka, miaka kumi na miwili nyuma, waliambiwa wabebe vyeti na chakula cha siku tatu, kisha watarudi. Ufunguo wa nyumba ile alikuwa bado anao, ameutundika kwenye msumari jikoni, na ole wangu niusogeze nikipangusa ukuta.

Bibi yule alikuwa na masharti kumshinda mganga. Viatu nilivua mlangoni, na soli akazipangusa mwenyewe kwa kitambaa kibichi. Mvua ikinyesha, madirisha yanafungwa hata kama tunaiva kwa joto. Mboga mbichi hakugusa. Alikula vya kopo tu, na kila kopo alilisoma maandishi yote kabla ya kulifungua.

Masharti niliyaweza. Kilichonishinda ni saa saba mchana. Yeye alikaa mezani na kopo lake, mimi nikasimama jikoni na kibakuli changu cha wali, kila mtu anatafuna kivyake. Kwetu Tanga hata mpita njia anakaribishwa. Nilikokuwa nikiishi, Riverdale Park, nilipanga na dada mmoja wa Kenya, lakini zamu zetu zilipishana. Sikumbuki mara ya mwisho nilikula na mtu lini. Nilikuwa mpweke, nasema wazi. Mwanangu nilimwacha kwa mama akiwa na miaka mitatu, nikamwambia naondoka miaka miwili tu. Sasa ulikuwa unakwenda wa tano. Kila Jumapili nilipiga simu kwa jirani, mtoto akaitwa, akaniamkia kwa adabu zote kama anavyomwamkia mgeni wa bibi yake.

Basi nikatia nia kwamba bibi huyu wa Wheaton atakula na mimi, bakuli moja.

Nyuma ya kanisa la mtaani kwetu paliota mchicha, ule ule wa nyumbani, ambao Wamarekani wanaufyeka wakiuona gugu. Nikachuma mfuko mzima. Mkenya wangu alinikuta nauchambua.

"Ai, dada, mboga ya kuokota ndio unapelekea mgonjwa?" akasema. "Watakufukuza job."

Nikamwambia aniache na mambo yangu. Niliupika kwa tui la kopo, makusudi, na kopo tupu nikalibeba kama ushahidi.

Bibi alilisoma kopo lile mpaka mwisho. Akanusa. Akaonja kijiko kimoja, cha pili, cha tatu, kisha akasogeza kiti cha pembeni yake na kuniambia nikae. Tukala bakuli moja. Nilifurahi hadi nikaona haya. Halafu akauliza majani haya yanauzwa duka gani, ili binti yake akanunue.

Hapo mdomo wangu ukaniponza. Kwetu mboga uliyoichuma kwa mkono wako ni sifa. Nikamjibu kwa majivuno kwamba sikununua, nimechuma mwenyewe, yanaota tu mahali wala hakuna aliyeyapanda.

Akaweka kijiko chini. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye sinki akasukutua, akarudi, akanishika mkono, akanipeleka na mimi. Aliniosha kwa sabuni kidole kimoja kimoja mpaka kwenye viwiko. Nilikasirika, maana mimi si mchafu. Na papo hapo sikutaka aache, kwa sababu tangu utotoni hakuna aliyewahi kuniosha mikono.

Kisha akanisimulia, kwa Kiingereza kilichovunjika kama changu. Walipohamishwa, yeye na binti yake wa miaka kumi walipelekwa kijijini kwa ndugu. Kando ya mtaro kulikuwa na majani machachu wanayopikia supu, na hakuna aliyewaambia kwamba sumu ya kinu imetua hata kwenye majani. Mtoto alimaliza bakuli mbili, akaomba nyingine, akapewa. Binti mwenyewe nilimjua. Alifanya kazi dukani kule kwenye maduka makubwa, alifunga skafu shingoni hata Agosti, na kila asubuhi alimeza kidonge ambacho mama yake alimwekea kwenye kisahani. Kovu la chini ya skafu nililiona siku moja nikadhani alipasuliwa rovu, kumbe ilikuwa saratani ya tezi ya shingo.

"Daktari anasema labda hewa, labda maziwa. Hakuna anayejua," bibi alisema. "Lakini mimi ndiye niliyepika."

Mchicha uliobaki aliufunga kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, akaniambia niende nyumbani. Jioni binti yake akanipigia kwamba nipumzike mpaka Jumatatu, mama hayuko sawa. Nilikaa siku nne nikijua kazi imekwisha, na kusema kweli nilichokililia si mshahara, ni kile kiti.

Jumatatu alinifungulia, akapangusa viatu vyangu kama kawaida. Saa saba nikakuta mezani sahani mbili na makopo mawili. Moja alinisogezea nilisome kwanza. Yalikuwa maharage ya sukari, baridi, mabaya kupita kiasi. Nikala yote. Katikati ya kula akaniuliza, "Mtoto wako anakula nini?"

Nikaanza kutaja wali, dagaa, uji, nikaishia hapo. Vile vilikuwa vyakula vyangu mimi nilipokuwa mdogo. Jumapili zote zile niliuliza shule, homa, saizi ya viatu. Nikamwambia sijui.

"Mpigie sasa," akasema, akanionyesha simu ukutani, chini ya ufunguo wake.

Kwetu ilikuwa saa mbili usiku, wakati wa kula. Jirani alimwita, nikasikia ndala zake zikija mbio.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula nini leo?"

"Leo si Jumapili," akasema. "Wewe nani?"

Bibi alikuwa ananitazama, kijiko mkononi, akisubiri jibu.