Tranka la Dotto

Luhaga, Msukuma, aliingia kijiji cha Tindiga na ng'ombe kumi na wanne na mke mmoja, Celestina, na mwaka huohuo Mungu akawajalia mapacha wa kike. Wasukuma hawahangaiki kutafuta majina ya mapacha: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Dotto. Na mzazi wao hununua viwili viwili, awe nacho asiwe nacho. Luhaga hakuwahi kukosea hapo. Magauni mawili, ndala jozi mbili, hata pipi alirudi nazo mbili.

Walipofika miaka mitano, Mwalimu Siwema akafungua chekechea kijijini. Mchango ulikuwa debe moja la mahindi kwa kila mtoto kila muhula, kwa ajili ya uji na posho ya mwalimu. Mahindi Luhaga alikuwa nayo. Kilichomtisha ni mpunga. Kwelea wasipofukuzwa tangu alfajiri hula magunia matatu, na waliokuwa wakiamia ndege hao ni wanawe. Akapiga hesabu, na mtu aliyewahi kulala njaa hupiga hesabu za karibu tu.

"Kulwa atatangulia, kama alivyotangulia kuzaliwa," akasema. "Dotto atamfuata mwakani."

"Baba Kulwa, samaki mkunje angali mbichi," Mwalimu Siwema akamsihi. "Huyu Kiswahili hajui kabisa. Mwache naye aje."

"Pacha wake atamfundisha nyumbani, mwalimu."

Huo mwakani haukufika. Kila msimu mpunga uliiva, na kila msimu kwelea walikuja. Dotto aliingia darasa la kwanza akijua Kisukuma na kuwatupia kwelea madongo, basi. Akijibu, wenzake walicheka. Akinyamaza, alipata sifuri. Darasa la pili alilirudia mara mbili. Luhaga akauza ndama kulipia masomo ya ziada, kisha akauza mwingine, na yale magunia matatu aliyoogopa kuyapoteza yakawa yamemtoka mara nyingi kupita kiasi. Darasa la tatu Dotto akagoma. Alirudi shambani, na hakuna aliyeweza kumtoa huko.

Mwaka huu Kulwa amefaulu kwenda sekondari ya bweni. Luhaga alikwenda Kilosa mjini kununua vifaa, akarudi na matranka mawili ya bati. Mazoea yana taabu. Alishtuka alipokwisha kuyatua mbele ya mabinti zake.

Kulwa alifungua lake, akaanza kupanga madaftari. Dotto naye akafungua la kwake, akachungulia ndani.

"Baba, mimi niweke nini humu?"



"Weka mbegu za mpunga, mwanangu," Celestina akajibu kwa sauti ndogo. "Panya hawatazifikia."

Luhaga alitoka nje akalia, mtu mzima na ndevu zake. Aliporudi, tranka lilikuwa limejaa mpaka juu, na Dotto amekwisha kulitia kufuli.