Sijapoa

Sikukiomba cheo. Cha kwanza nilikiacha Tabora, nilikokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na nilipofika Stockholm nikaapa kwamba sitashika tena kengele ya mtu. Siku za kazi nilikuwa nikihudumia wazee katika makao yao kule Tumba, nikiwaogesha na kuwalisha, na moyo wangu ulikuwa mweupe. Ndipo wazazi Waswahili wa vitongoji vya Rinkeby na Hjulsta wakaanzisha shule ya Jumamosi, ili watoto wao wasije wakabaki na Kiswidi peke yake. Wakaulizana nani amewahi kuongoza shule. Wakanigeukia, wakapiga makofi. Uchaguzi ukaishia hapo.

Shule ilikuwa chumba cha chini ya jengo huko Rinkeby, kando ya chumba cha kufulia nguo cha wapangaji. Ufunguo nilishika mimi. Deki nilipiga mimi, viti nilipanga mimi, masomo nilitunga mimi, na mama wa Kenya na baba wa Kongo walipogombania kama mtoto aseme gari ama motokaa, mwamuzi alikuwa mimi. Nikirudi nyumbani Hjulsta, simu inalia kabla sijavua buti: mwalimu mkuu, mwanangu hanisikii, hebu zungumza naye.

Baridi ya mwaka wa pili ikanikuta moyo unadunda ovyo hata nikiwa nimekaa. Daktari akanipima, akataka kuniandikia mapumziko ya ugonjwa nisiende Tumba. Nikamwambia wale wazee hawanichoshi hata kidogo. Kinachoniua ni Jumamosi. Akatazama karatasi yake, akasema Jumamosi siyo kazi, maana hakuna aliyeniajiri. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira ile ilinifaa kuliko mapumziko yake.

Maana kulikuwa na neno moja lililokuwa likinila taratibu: pole. Kila mzazi aliingia nalo. Pole na kazi, mwalimu. Kisha ananitwika jingine. Na kwetu ukiambiwa pole unajibu "nimeshapoa", hata kama unafuka moshi. Nilikuwa nimepoa kila Jumamosi kwa miaka miwili.

Jumamosi moja baada ya masomo wazazi wakabaki kwa kikao. Mwenyekiti wao alikuwa Mzaramo, kwa hiyo mtani wangu mimi Mnyamwezi, mtu wa kunisema atakavyo nami nikamsema nitakavyo. Akasimama.

"Pole sana na kazi, mwalimu mkuu. Tunajua unachoka. Ila tumeonelea Jumapili nayo tuanze darasa la wadogo."

"Sijapoa," nikasema.

Hakuna anayejibu hivyo.

Mtani akajaribu kucheka. "Ah, mzigo mzito mpe Mnyamwezi!"

"Mnyamwezi naye hutua, mtani. Tena hamtwishi Mzaramo, maana Mzaramo amekwisha kukimbia."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikawaambia tangu leo anayenipa pole aichukue na kazi yenyewe. Wangapi wamenipa pole leo? Mama wa Kenya akatazama viatu vyake. Baba wa Kongo akasema, "Lakini mwalimu, mutoto yangu bado ananijibu mu Kiswidi." Nikaweka ufunguo mezani. Ama mtaubeba, nikasema, ama shule ife. Hakuna aliyeugusa. Nikavaa koti, nikaondoka.

Msinione jasiri. Niliogopa. Niliipenda shule ile kuliko nilivyotaka wajue, na wiki nzima simu haikulia hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda hivyo hivyo. Nilijiambia kwamba kama mlango umefungwa nitageuza, na sitalia ndani ya treni.

Mlango ulikuwa wazi. Mama wa Kenya alikuwa akipiga deki. Mwenyekiti amevua koti, anapanga viti, anahema. Na ubaoni alisimama baba wa Kongo, chaki mkononi, watoto wakimfuata kwa sauti: "Mutoto yangu! Mutoto yangu!"

"Mwalimu mkuu, umefika salama!" mtani akanikimbilia. "Msahihishe huyu bwana, anawafundisha cha kwao."

Mkono uliniwasha kutaka chaki. Nikautia mfukoni. Kisha baba yule akamuuliza binti yake swali kwa Kiswahili hicho hicho cha kwao, na yule binti, ambaye hajapata kumjibu baba yake ila kwa Kiswidi, akajibu, "Ndiyo, papa, ninasikia." Baba akageukia ubao upesi, akafuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi.

"Mwache," nikasema.

"Sasa wewe utafanya kazi gani?"

Nikavuta kiti kidogo cha watoto, nikakaa, nikanyoosha miguu.

"Ukuu," nikamwambia.