Ofisi ya ukaguzi ilipokataa majina mawili ya mjukuu wangu aliyesoma India

Wakuu, nawaamkia nyote, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni.

Nitakayoyasimulia yamenipata mimi mwenyewe, hapa Laurel, Maryland, na sitayatia chumvi. Mimi sikupelekwa shule hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu Imani. Maneno ni yangu, naye nimemwagiza asiyapunguze.

Imani anasema uzi mrefu hausomwi. Nimemwambia aandike.

Nasema na wale wenye watoto waliosoma India na sasa wanatafuta chuo Ujerumani. Wengine mkae msikilize, huenda siku moja likawafika.

Mimi ni Mtaita. Binti yangu wa kwanza, Mkawasi, alizaa mtoto wa kike kabla ya mahari kuletwa. Kwetu, mtoto wa namna hiyo ni wa nyumba ya babu yake mzaa mama, mpaka siku baba yake atakapokuja na wazee wake. Si aibu, na hakuna anayefichwa. Ndivyo ilivyo.

Mtoto tukamwita Wakesho. Mkawasi akafariki mtoto akiwa bado hajaanza shule, nikabaki naye mimi. Nilipompeleka kuandikishwa, mwalimu aliniuliza huyu ni Wakesho nani. Nikamjibu, Wakesho Mwadime. Mwadime ni marehemu mume wangu.

Kwa jina hilo alisoma mpaka akamaliza kidato cha nne, na kwa jina hilo cheti chake kikatoka.

Baada ya hapo baba yake akaja. Alikuja na wazee wake, wakaketi, wakazungumza kwa heshima, na mahari ya marehemu binti yangu ikapokelewa. Wakesho alipokwenda kuchukua kitambulisho, akaandikwa Wakesho Mwakio, jina la baba. Pasipoti nayo ikafuata kitambulisho.

Kwetu jambo lilikuwa limekamilika. Mtoto amepata baba, na nyumba zote mbili zimeridhika.

Akapata nafasi ya kusomea uhandisi India, akaenda. Nyumba ikawa kubwa kuliko nilivyoijua. Nilipika chakula cha watu wawili, kisha nikakumbuka. Ndipo binti yangu wa pili, Mghoi, ambaye ni nesi huku, akanileta nikae naye na watoto wake, Imani akiwa mmoja wao.

Tangu hapo Wakesho sijamshika mkono. Namwona kwenye simu tu. Mwenye kumwona mtu kwenye simu anajua kwamba hunusi nywele zake, wala hujui kama amekonda au ni taa.

Alipohitimu, alituambia anataka kuendelea na masomo Ujerumani, maana ada ya huko si mzigo. Mimi nilitaraji angesema anarudi nyumbani. Nilikuwa nimeshamweleza Mghoi kwamba Wakesho akirudi Taita, nami nitarudi, tukae wawili kama zamani. Mghoi alinisikiliza akikunja nguo.

Sasa sikilizeni habari ya ukaguzi.

Mwanafunzi aliyesoma India hatumi tu maombi kwenye chuo cha Ujerumani na kungoja. Kwanza vyeti vyake vyote, kuanzia vya sekondari hadi vya chuo kikuu, hupelekwa kwenye ofisi ya ukaguzi iliyoko huko huko India. Wao huangalia kama vyeti ni vya kweli na kama ni vya mtu mmoja. Wakiridhika, hutoa hati. Bila hati hiyo, chuo hakikupi nafasi, na viza usiiwaze.

Msidhani hayo ni ya Wahindi peke yao. Wakesho ni Mkenya, lakini shahada yake ni ya India, kwa hiyo alipanga foleni ile ile na wenzake.

Rafiki yake mmoja wa kusini mwa India naye aliulizwa maswali. Kwao jina la baba huandikwa kwa herufi moja tu, na pasipoti ilikuwa imelikunjua lote. Yule alileta karatasi ya kiapo kutoka kwa baba yake, akapita. Alimcheka Wakesho, akamwambia, "Mimi baba yangu ni herufi moja, wewe una baba wawili."

Wakesho ofisi ilimwambia hivi: cheti cha sekondari ni cha Wakesho Mwadime, shahada na pasipoti ni za Wakesho Mwakio. Tuthibitishie kwamba ni mtu mmoja.

Baba yake alitaka kuapa. Lakini yeye hakuwapo mtoto alipoandikishwa shule. Wakili wa kule nyumbani akashauri aape yule aliyemwandikisha. Aliyemwandikisha ni mimi.

Wakili akaandika kiapo kwa Kiingereza, akakituma kwa simu, na Mghoi akakichapisha. Siku za kufunga maombi chuoni zilikuwa zinakaribia, kwa hiyo aliomba ruhusa kazini, akanipeleka Silver Spring pamoja na Imani.

Kuna duka la Mkongomani mmoja pale, linauza pondu, yaani kisamvu, na mihogo na samaki wakavu. Nyuma kuna meza, na kwenye meza hiyo hukaa mzee Mmarekani aliyestaafu, mwenye idhini ya kushuhudia viapo. Watu wetu wengi humwendea kwa sababu hana haraka.

Akaniuliza, kupitia kwa Mghoi, kama naweza kutia saini. Mghoi akamwambia natia kidole gumba. Akasema hakuna shida, lakini patakuwa na mashahidi wasio wa jamaa yangu, na kwanza nisomewe karatasi kwa lugha ninayoielewa.

Mama mwenye duka akafuta mikono, akasogea na mteja wake. "Mama, weye weka tu kidole. Siye tutakuwa témoins, haina shida."

Mghoi alikuwa ameshika simu ya kazini, akampa Imani karatasi asome.

Niseme jambo hapa. Imani anaelewa Kiswahili chote, lakini humjibu mtu kwa Kiingereza. Siku ile hakuwa na njia. Alishika karatasi kwa mikono miwili, akaanza kutafsiri polepole, neno kwa neno.

Akasoma jina langu. Akasoma kwamba nilimlea Wakesho. Kisha akasoma kwamba jina la Mwadime liliandikwa shuleni "kwa makosa", na kwamba jina lake sahihi siku zote lilikuwa Mwakio.

Nikamwambia arudie.

Akarudia.

Nikasema, "Hilo siliapii."

Mghoi akakata simu. "Mama, ni lugha ya wakili tu. Kila mtu anaandika hivyo."

"Mimi si kila mtu. Hayakuwa makosa. Mtoto alikuwa wa baba yako, na baba yako alimbeba mgongoni. Unataka niinue mkono mbele ya Mungu niseme mume wangu alikuwa kosa?"

"Deadline ni wiki hii, Mama."

"Nimesikia."

Imani akasema, "Grandma, it's just one word."

Nikamwambia, basi kama ni neno moja, halitamshinda wakili kuliondoa.

Mghoi akaketi kwenye gunia la mchele. Hakupaza sauti. Alisema, "Mama, niambie ukweli. Ni neno hilo, au unataka akose ili arudi Taita mkae naye?"

Mama wa duka akageuka, akaanza kupanga samaki waliokuwa wamepangwa tayari.

Wakuu, binti yangu ananijua. Nilitazama meza. Nilijua kwamba nikisimama na kutoka, msichana wangu atakuwa kwenye ndege ya kurudi kabla viza yake ya India haijaisha. Angenikuta nyumbani nimewasha moto. Nililiona jambo hilo waziwazi kama ninavyomwona Imani sasa hivi, na lilikuwa tamu.

Nikasema, "Mpigieni mwenyewe."

Huku ilikuwa asubuhi, kwake ilikuwa jioni. Akatokea kwenye simu, nywele amezifunga kitambaa. Mghoi akamweleza yote, pamoja na lile aliloniuliza.

Wakesho akasema, "Nyanya, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Usiape hivyo. Mimi sikuwa makosa."

"Na chuo?"

"Chuo nakitaka, Nyanya. Nakitaka sana. Lakini waandike ilivyokuwa."

"Wakikataa?"

"Wakikataa nitarudi, na nitakusumbua."

Nikacheka, naye akacheka. Kisha akaona uso wangu, akaacha. Akasema taratibu, "Lakini nataka kwenda."

Basi nilipata nilichokihitaji. Kama mtoto amesema anataka kwenda, mtu mzima hakai mlangoni.

Mghoi akampigia wakili, nami nikasema, Imani akiandika, kama anavyoandika sasa. Nilisema hivi: mtoto huyu alizaliwa katika nyumba ya Mwadime, na kwa desturi yetu alichukua jina la nyumba hiyo. Baba yake alipotimiza desturi, alichukua jina la Mwakio. Majina yote mawili ni ya haki, na mtu ni mmoja. Nami namjua kwa sababu nilimlea.

Wakili alilalamika kwamba haijawahi kuandikwa hivyo. Nikamwambia hata yeye hakuwahi kuwapo kabla hajazaliwa. Akakiandika upya kiapo kwa lugha ya sheria, akakirudisha, na mzee wa meza akangoja bila kununa.

Imani akasoma tena, mara hii bila kukwama. Nikainua mkono. Nikaweka kidole.

Mama wa duka alipotia saini, aliniambia, "Mama, kwetu pia iko hivyo. Mtoto ni wa bajomba kwanza." Wajomba, ndiyo maana yake. Akanifungia samaki kwenye gazeti.

Karatasi ikapigwa muhuri mwingine wa jimbo, ikatumwa India. Tukangoja. Kungoja sikuelezi, mnakujua.

Ofisi ikaridhika. Hati ikatoka, maombi yakafika chuoni kabla hayajafungwa, na baada ya muda chuo kikamkubali.

Wakesho alipiga simu akilia kwa furaha. Nikamwambia nimefurahi, na nilikuwa nimefurahi. Kisha nikaenda kukaa bafuni, mahali pekee katika nyumba hii ambapo mtu hafuatwi na watoto.

Ameshasafiri. Nilimtaka arudi, na kiapo changu ndicho kilichompeleka mbali zaidi. Siku hizi naulizia baridi ya mji ambao siwezi kulitamka jina lake.

Nililojifunza ni hili. Wenye watoto wanaoelekea huko, linganisheni majina mapema, kabla mtoto hajaondoka nyumbani, maana ofisi ya ukaguzi haijui mahari wala babu. Yakishindwa kulingana, tafuteni aliyemwandikisha mtoto angali hai na ana akili zake. Na mkiandikiwa kiapo, msomewe chote, kwa lugha yenu, kabla hamjagusa wino. Msikubali desturi yenu iandikwe kuwa kosa kwa sababu tu siku zinakwisha. Ukweli nao unaandikika.

Waliopitia ukaguzi huu, au wanaoungojea, waseme hapa chini walivyofanya. Wanaoona nilikuwa mkaidi nao waseme. Imani atanisomea yote, hata matusi.

Na wewe uliyeko Ujerumani: ukimwona msichana mrefu wa Kitaita anauliza wapi kunauzwa unga wa ugali, usimwelekeze kwa kidole. Mpeleke.