Karatasi inasema kawaida, mchi unakataa

Leo mchi umenishinda, jamani.

Mnajua nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo ili nipungue uzito. Asubuhi kliniki wamepima urefu na uzito, nesi kaandika "kawaida" kwenye karatasi yangu. Nimerudi nyumbani, mtaa wa Ng'ambo, kwa maringo.

Mama mkwe akaniita tutwange kisamvu. Sijafika pigo la kumi, mikono ikalegea, mchi chini.

Nikampigia nesi.

"Dada, mzani hautenganishi mafuta na misuli. Mafuta yametoka, na misuli imetoka nayo. Zidisha mayai, maharage, samaki."

Nizidishie wapi? Vijiko vinne tu nimeshiba.

Mliopitia hili, mlifanyaje?

Maana mama mkwe, na miaka yake sabini, kasema, "Pumzika, mwanangu." Anatwanga. Nimekaa na karatasi yangu, nashindwa hata kumpokea mchi.